Ocrelizumab ya kuchomwa tumboni: uzoefu wangu baada ya kuachana na dripu

Nina MS, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Naishi Birmingham. Nilianzia kwenye interferoni, sindano tatu kwa wiki, na kila usiku wa sindano ni homa na maumivu ya viungo mpaka asubuhi. Baadaye nikahamishiwa ocrelizumab ya dripu, kila miezi sita. Ile ya chini ya ngozi ilipoidhinishwa Uingereza mwaka 2024, nikaiomba.

Dripu ilinikalisha kitini karibu siku nzima. Hii huingia kwa dakika 10 hivi. Nesi huitoa kwenye friji mapema ubaridi upungue, anatafuta mahali tumboni mbali na kitovu, kisha anaisukuma polepole kupitia kisindano chembamba chenye mrija. Ni mililita 23, nyingi mno kwa chini ya ngozi, kwa hiyo imechanganywa na kimeng'enya kinacholegeza tishu ili dawa isambae. Inachoma, na pale pananibakia wekundu na uvimbe kwa siku chache. Deksamethasoni, dawa ya steroidi unayomezeshwa kabla ili kupunguza mwili kuikataa sindano, hunikosesha usingizi usiku huo.

Lakini jueni hili kabla hamjakubali: ikishaingia, haitolewi. Inafyeka seli B, aina ya seli nyeupe za kinga ya mwili, na baada ya dozi ya mwisho huweza kupita kama wiki 72 kabla hazijarudi. Mafua yakinishika sasa hayaondoki upesi. Chanjo zenye virusi hai huruhusiwi tena, ikiwemo ya homa ya manjano. Dada yangu yuko Kampala, na Uganda wanataka cheti cha chanjo hiyo mpakani; bahati nilichanjwa zamani, na siku hizi cheti ni cha maisha. Wewe ambaye hujachanjwa, maliza hilo na daktari wako kabla ya dozi ya kwanza, pamoja na kipimo cha homa ya ini B, maana virusi vilivyolala vinaweza kuamka.

Tangu nianze, picha ya MRI ya ubongo haijaonyesha doa jipya la ugonjwa. Ganzi ya mguu wa kushoto ipo palepale. Dawa inazuia mapya, hairudishi kilichopotea. Hata hivyo napata miezi mizima bila kuwaza sindano, na hiyo siibadilishi na chochote.

Mlio nyumbani mnaoniuliza bei: hii ni ghali sana. Muulizeni daktari wa neva kuhusu rituximab. Nayo hulenga seli B, hutolewa kwa dripu, na mwaka 2023 WHO iliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS.