Tahadhari: pleti za friza za "lita 300" zinazouzwa Kisumu

Mnaojengewa friza za samaki, tulieni kabla ya kutuma pesa. Kuna muuzaji anayezungusha picha za pleti za kupozea (bamba la chuma lenye mirija ya gesi linalopoza ndani ya friza) kwenye magrupu ya mafundi Kisumu na Busia, anataka dipoziti kwa M-Pesa kabla hujaiona pleti. Anasema moja yatosha sanduku la lita 200 hadi 300. Pleti yenyewe ni sentimita 60 kwa 45: ya friji, tena imeng'olewa kwenye friji kuukuu ikapuliziwa rangi ya fedha.

Pleti haipimwi kwa lita. Inapimwa kwa joto linaloingia kwenye sanduku. Chukua sanduku la lita 200, ndani mita 1 kwa 0.5 kwa 0.4, foamu ya poliyurethani milimita 75. Nje nyuzi 30, ndani -18. Kuta peke yake zinapitisha wati 32 hivi. Ukijumlisha mpira wa mlango na kufunguafungua, weka 45. Kompresa ikipumzika nusu ya muda, basi ikiwaka lazima iondoe 90. Pleti ya nyuzi -28 isiyo na feni huvuta takriban wati 60 kwa kila mita ya mraba ya uso ulio wazi. Kwa hiyo unahitaji mita za mraba 1.5. Yake, pande zote mbili, ni 0.54, na ukiibandika ukutani inabaki nusu ya hapo.

Samaki bado hatujaweka! Kilo 20 za ngege (tilapia) wa Dunga, ufuo wa Kisumu, wakiingia na nyuzi 25 wanadai wati 85 nyingine, mfululizo, saa 24. Ndiyo maana utakuta kompresa haizimi, samaki mgumu nje, lakini ukimpasua nyama ya kwenye mfupa ni laini na tumbo limeanza kunuka. Hapo fundi huongeza gesi ya kupozea. Asiongeze: presha ya pleti hupanda, pleti inapata joto zaidi, na gesi hurudi ikiwa bado majimaji, ikaua kompresa.

Kabla ya kulipa, ikague pleti hivi. Kwaruza rangi kwenye kona uone chuma kuukuu. Nusa mrija, oili iliyoungua haifichiki. Tafuta vidoa vya gundi ya epoksi, dalili ya tundu lililozibwa. Kisha ijazwe naitrojeni kwa presha ya psi 150 na izamishwe majini dakika 15, uone kama inatoa mapovu. Isiwe oksijeni kamwe, ikikutana na oili hulipuka. Muuzaji akikataa kipimo hiki, ondoka.

Aliyekwisha kununua, kama haivuji, aifunge kwenye friji ya soda ya lita 100. Kwa nyuzi 4 inatosha.