Waya sita, siku nne: plazma na boksi la CNC kwenye meza yangu

Muuzaji wa boksi la CNC, yaani kompyuta inayoitembeza tochi ya kukatia chuma juu ya meza, alinihakikishia kwamba nikiunga waya jioni, asubuhi nakata geti. Ilikuwa siku ya nne ndipo nikakata kipande cha kwanza cha maana, na katikati hapo nilishawaza mara mbili kulirudisha boksi kwenye katoni lake. Sasa lina miezi minane ukutani, karakana yangu ya mtaa wa Gerezani, Dar, na linapiga kazi kila siku umeme ukiwepo. Naona nina haki ya kulisema.

Meza tuliitengeneza wenyewe. Plazma, mashine inayokata chuma kwa moto wa umeme na hewa, ni Hypertherm Powermax45 XP niliyoinunua mkononi kwa mtu, yenye soketi ya pini 14 nyuma. Hiyo soketi iangalie kabla hujatoa hela, maana zipo mashine za aina hiyohiyo zilizotoka kiwandani bila kuwekewa. Boksi ni la Kichina: kabati moja, ndani mna kompyuta ndogo yenye kioo, draiva za mota, sapulai ya volti 24 na THC, kile kidude kinachopandisha na kushusha tochi kwa kufuata volti ya moto. Bei yake ilikaribia bodaboda mpya.

Waya zenyewe ni jozi tatu tu. Ya kwanza ni ya kuwashia, pini 3 na 4. Hapo plazma haitaki umeme wako hata kidogo, inataka waya mbili zigusane basi, kama unavyobana kitufe cha tochi kwa kidole. Boksi langu lilikuwa linatoa volti 24 kwenye terminali hiyo, na kitabu chake hakikusema. Kilichoniokoa ni woga: niliweka multimita kabla ya kuunga. Nikatia rilei ndogo katikati, swichi inayojifunga yenyewe ikipata umeme, mambo yakaisha.

Jozi ya pili ni pini 12 na 14. Hapa plazma ndiyo inayozungumza, inaliambia boksi kwamba moto umeshashika chuma, meza iondoke. Dogo mmoja alinishauri niiruke, niweke sekunde za kusubiri tu. Usiiruke. Siku nozeli, ile ncha ya tochi, imechoka na moto umegoma kushika, meza itatembea mstari mzima inakata hewa, nawe umeinama unatafuta miwani.

Jozi ya tatu, pini 5 na 6, ndiyo iliyonila siku nzima. Inapeleka volti ya moto kwenye THC, lakini siyo volti yenyewe, ni iliyogawanywa. Mashine hii ikitoka kiwandani inagawa kwa 50. Moto wangu kwenye shiti ya milimita 3 unakaa kwenye volti 125 hivi, kwa hiyo boksi linapokea 2.5. Sasa boksi kwa akili zake lilikuwa limepangwa kuzidisha kwa 20. Likasoma volti 50.

Volti ya moto hupanda tochi ikiwa juu na hushuka tochi ikikaribia chuma. Boksi likiona 50 mahali pa 125 linaamini tochi imelala juu ya shiti, linainyanyua. Linasoma tena, bado ndogo, linanyanyua tena. Kijana wangu akapiga kelele, "Bosi, inapaa!" na kweli ilikuwa inapaa, moto umerefuka kama ulimi halafu pu, ukazima. Tulirudia mara sita tukidhani skrubu ya kunyanyulia ndiyo mbovu. Dawa ilikuwa kwenye ukurasa wa tatu wa menyu, kwenye mstari wenye jina la Kiingereza kilichovunjika: futa 20, andika 50. Tangu hapo tochi inatoboa ikiwa milimita 3.8 juu ya chuma, inashuka hadi 1.5, na haitikisiki hata shiti ikiwa imejikunja.

Na kama mashine yako haina soketi, usichukue volti moja kwa moja kutoka ndani ukaipeleka kwenye boksi bila kigawanyo. Pale pana zaidi ya volti 200, zinaua boksi na zinaua mtu.

Halafu siku ya tatu ikaja ya kwake. Kila moto ulipowaka, kioo kiliganda au boksi likalia kwamba tochi imefika mwisho wa meza, wakati ipo katikati kabisa. Nikampigia muuzaji, akasema plazma yangu ni mbovu. Haikuwa mbovu. Kosa lilikuwa langu: waya wa tochi nilikuwa nimeufunga pamoja na waya za mota na za swichi, kwa tai za plastiki, zikapendeza kama nywele za kusuka, kumbe umeme wa tochi unazivuruga. Na ethi, waya wa kwenda ardhini, nilikuwa naitegemea ile ya soketi ya ukutani, ambayo baadaye niligundua haiendi popote. Tulichimbia fimbo ya shaba kando ya meza, tukaleta meza na boksi kwenye nukta moja, waya wa tochi tukaupitisha upande wake peke yake. Waya za mawasiliano nilibadilisha nikaweka zenye wavu, wavu ukafungwa upande wa boksi tu. Kimya. Jirani yangu mwenye plazma inayowasha kwa umeme wa masafa ya juu, unaovuruga zaidi, alifanya hayo yote na bado boksi lake linaganda. Hii yangu inawasha kwa kusukumwa na hewa, ina nafuu kubwa.

Hewa yenyewe isikupe shida kama kompresa inatoa lita 188 kwa dakika kwa bar 5.9, ila kwa unyevu wa Dar weka chujio la maji, tena zuri.

Ningelinunua tena? Ningelinunua. Lalamiko langu lililobaki ni feni ya boksi, inavuta vumbi la chuma kama inalipwa, nimeifunika kitambaa. Na kitabu chake hakifai hata kufungia maandazi. Mchoro wa waya sita nilichora mwenyewe kwa kalamu, nikaubandika ndani ya mlango wa kabati. Mwezi uliopita muuzaji alipita, akaomba aupige picha awatumie wateja wake. Nilimruhusu, ila soda alinunua yeye.