Draft No. 4 cha John McPhee: nilianza kukisoma kwenye treni, nimekifanyia kazi Kibirizi

Wakuu, hiki kitabu nimekaa nacho miezi minne sasa, kwa hiyo siongei kama mtu aliyesoma kurasa ishirini akakimbilia kusifia. Kinaitwa Draft No. 4, kaandika John McPhee, kilitoka 2017, na kinahusu kazi yenyewe ya kuandika. Dada yangu anayesoma Uholanzi ndo alikuja nacho likizo, nikaanza kukisoma kwenye treni nikitoka Dar, na pale Tabora wanapotenganisha mabehewa, ya Mwanza yanaenda zake sisi wa Kigoma tunasubiri, nilikuwa sura ya pili na hata asali sikushuka kununua.

McPhee ni Mmarekani, kazaliwa 1931 hukohuko Princeton, New Jersey, akawa mwandishi wa jarida la The New Yorker toka 1965, na 1975 akaanza kufundisha uandishi kwenye chuo cha kwao hapohapo. Hadithi za kubuni hizo siyo kazi yake. Anaandika watu waliopo na vitu vilivyopo, kuna kitabu kizima kinahusu machungwa tu, na vile vya miamba na ardhi ya Marekani vikampa Pulitzer, ile tuzo kubwa ya uandishi Marekani, 1999. Darasani kwake walikuwa wanaingia wanafunzi 16 na kila mmoja alikuwa anaitwa peke yake wanakaa wanapitia andiko lake. David Remnick, anayeongoza hilo jarida toka 1998, alipita kwenye mikono yake. Sisi wa huku Kigoma, wa Mwanga na Ujiji, lile darasa hatutaliona, ndo maana mi nakithamini sana hiki kitabu.

Mi naandika makala za watu wa ziwani, wavuvi wa dagaa, akina mama wa kuanika, wapakiaji. Shida yangu siku zote ilikuwa moja, nina madaftari matatu yamejaa maneno ya watu halafu sijui naanzia wapi. Sasa humu kuna sura ya muundo ambayo peke yake inalipa hela yote. Anasimulia jinsi 1966 alivyolala chali juu ya meza ya nje ya nyumba yake karibu wiki mbili, anaangalia matawi ya mti, hofu imemshika, ana maelezo kibao na hajui aanze na nini. Aisee nilipofika hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Halafu anaonyesha alivyotoka, kila sehemu ya habari anaipa kadi yake, anazitandaza mezani anazihamisha mpaka mpangilio ukae, ndo anaanza kuandika. Nikakata maboksi ya biskuti nikafanya hivyohivyo. Nilikuwa nataka kuanza na asubuhi pale Kibirizi, mwaloni kwetu Kigoma, mitumbwi ikirudi, kama kila mtu anavyoanza, kadi zikanionyesha kwamba habari yangu inaanzia kwenye zile siku za mbalamwezi, mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti dagaa, mitumbwi imepumzika, na mama mwenye chanja tupu anakopa unga. Hapo kila kitu kikajipanga chenyewe.

Ukikwama kabisa anakwambia mwandikie mama yako barua, mlalamikie kwamba unashindwa, mweleze hicho kitu unachoshindwa kukiandika, halafu futa salamu na malalamiko ubaki na maelezo. Nilianza, Mama shikamoo, naandika habari ya dagaa na imenishinda, nikaendelea ukurasa na nusu. Ukurasa mzima wa hiyo barua uko ndani ya makala sasa hivi.

Sura ya wahakiki, wale watu wa jarida wanaopiga simu kuthibitisha kila jina na kila tarehe kabla haijachapwa, hiyo nayo imenikamata vibaya. Sisi huku hatuna mtu wa hivyo, inabidi uwe wewe mwenyewe. Nilikuwa nimeandika kwamba MV Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, ilizamishwa na Waingereza maana ndivyo nilivyosikia toka utotoni, kwenda kutafuta kumbe Wajerumani wenyewe ndo waliizamisha 1916 ili isichukuliwe, ikaja kuibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Mstari mmoja tu, lakini ungetoka vile wazee wa Ujiji wanaoijua historia wangeacha kuniamini na yale mengine yote.

Nisichokipenda nacho niseme. Kiingereza chake kinahitaji utulivu, usikisome huku unachati. Ana sura anaonya waandishi wasitaje majina ambayo msomaji hayajui, na ni onyo zuri, ila kitabu chenyewe kimejaa majina ya Wamarekani ambayo mtu wa Kigoma atapita nayo tu. Ile sura ya wahariri na wachapishaji mi niliisoma haraka, mambo ya ofisi yao. Kuna na michoro ya miundo ya makala zake, jirani yangu aliyesoma kwenye simu anasema haionekani vizuri, kwa hiyo ukiweza tafuta cha karatasi hata kama utasubiri mtu aje nacho.

Kama unaandika mambo ya kweli, mwandishi wa redio, mwalimu, mtu wa historia ya ukoo wako, kitafute. Hakikufundishi kuandika haraka. Mwenyewe anasema drafti ya kwanza, yaani rasimu, inamla muda mara nne ya zilizobaki zote zikijumlishwa, na hiyo ya nne iliyobeba jina la kitabu ni ya kuchorea vijisanduku maneno ambayo hayajakaa sawa, kisha unaenda kwenye kamusi moja moja. Nimefanya hivyo na Kamusi ya Kiswahili Sanifu pembeni. Nilikuwa nimeandika kwamba mvua ilipoanza akina mama wakaondoa dagaa haraka, nikalichorea sanduku hilo wakaondoa, nikahangaika nalo siku mbili, halafu neno likaja, neno ambalo bibi yangu alikuwa analisema kila wingu likitanda upande wa Kongo. Wakaanua.