Kichupa cha grafini oksidi: mng'ao umezimika kweli

Mimi hufundisha kemia huku Kisauni. Kichupa hiki cha grafini oksidi (vipande vyembamba vya kaboni vilivyoshikana na oksijeni) nilikiagiza mtandaoni kwa ajili ya kidato cha nne. Kinafanya kazi, wallahi. Tulitia rodamini, rangi inayong'aa, kidogo kwenye maji, tukamulika kwa tochi ya kukagulia noti: yakang'aa rangi ya chungwa. Matone machache ya grafini oksidi, mng'ao ukafifia tukiutazama. Vipande vyake, vyembamba kiasi cha nanomita 1, hunasa rangi na kufyonza nishati yake. Vihisi vya DNA, yaani vifaa vya kutambua DNA fulani, hutumia ujanja huohuo: DNA inayotafutwa ikifika, rangi huachiliwa, mwanga hurudi. Hilo kichupa peke yake hakiwezi, ingawa tangazo limedai. Kifuniko nacho kinavuja, mkoba wangu una madoa ya kahawia. Bei ni kali kwa mwalimu, ila bado kimebaki nusu.