Mzee abaki nyumbani na mhudumu, au aende makazi ya wazee?

Kwa mzee anayejimudu kula na kuoga, lakini si salama tena kuishi peke yake, mimi ningeanza na mhudumu wa nyumbani. Anabaki na kitanda chake, majirani zake na mazoea yake. Kasoro kubwa ni usiku. Mhudumu mmoja hawezi kukesha kila siku, na akiugua, zamu inamwangukia binti au mkamwana, ambaye mara nyingi hata hakuulizwa.

Makazi mazuri yana zamu za mchana na usiku, muuguzi wa kusimamia dawa, na wenzake wa kupiga nao soga. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, anayefungua mlango na kutoka usiku wa manane, huko atalindwa vizuri zaidi. Ila bustani na sebule zisiwapumbaze. Nendeni saa ya chakula: asiyeweza kushika kijiko analishwa taratibu, au sahani yake inaondolewa ikiwa bado imejaa? Kengele ikibonyezwa, mtu anafika baada ya muda gani? Asiyeweza kujigeuza kitandani lazima ageuzwe mara kwa mara, la sivyo atapata vidonda. Ombeni kuona jinsi nyakati za kumgeuza zinavyoandikwa.

Kuhusu gharama, nyumbani hesabuni pia mhudumu wa kupokezana na vyuma vya kushikilia bafuni. Kwenye makazi, someni mkataba: ada hupandaje, na hali ya mzee ikizidi, watamtunza au watamrudisha?

Mzee mwenyewe aulizwe kabla ya yote, akiwa bado na uwezo wa kuamua.