FAST kwa vitabu vya katiba: tathmini kwa wakutubi wa sheria

FAST ni mfumo wa vichwa vya mada, yaani maneno rasmi yanayotaja kitabu kinahusu nini, uliobuniwa na OCLC, shirika la ushirikiano wa maktaba, pamoja na Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani, kuanzia 1998. Hautozwi ada. Data yake yote, vichwa zaidi ya milioni 1.7, inapakuliwa na kutumiwa na yeyote mradi autaje ulikotoka. Kwa maktaba ya sheria yenye wakatalogi wawili au watatu na rafu iliyojaa vitabu vya katiba, tunaupendekeza, lakini kwa sharti moja: ujue mapema kwamba unarahisisha sarufi ya vichwa tu. Msamiati unabaki ule ule.

Vichwa vya Library of Congress, yaani LCSH, huunganishwa kwa mnyororo: mada, kigawanyo, nchi, kipindi. Mkatalogi lazima akumbuke ni kigawanyo gani kinakubali kufuatwa na nchi, na kipi hutangulia kipi. FAST huukata mnyororo huo. "Constitutional law—Kenya" inakuwa vichwa viwili katika rekodi ya MARC, muundo wa rekodi za katalogi: "Constitutional law" kwenye uga 650, wa mada, na "Kenya" kwenye uga 651, wa mahali, vyote vikiwa na kiashiria cha pili 7 na neno "fast" katika uga mdogo $2, unaotaja chanzo cha kichwa. Vigawanyo vya mada havikatwi, kwa hiyo "Women—Legal status, laws, etc." hubaki kama ilivyo, na Kenya yake huenda 651.

Faida yake inaonekana upesi kwa wanaotumia Koha, programu ya kuendesha maktaba. Kwa mpangilio wa kawaida, kichujio cha Mahali husoma 651$a peke yake. Kenya iliyofichwa kwenye 650$z, kigawanyo cha mahali ndani ya kichwa cha mada, haitokei humo, hata kama maktaba ina vitabu mia vya katiba ya Kenya. Baada ya FAST, msomaji anaandika mada, kisha anabofya nchi. Kwa watafiti wa sheria linganishi hii peke yake inatosha kuhalalisha kazi.

Lakini kichujio hicho hicho kina mtego. FAST hupanga mahali kwa ngazi kuanzia nchi: Nairobi huandikwa Kenya kwenye $a, kisha Nairobi kwenye $z. Zanzibar ikiwekwa chini ya Tanzania kwa mtindo huo, kichujio kitaonyesha "Tanzania" tu, na vitabu kuhusu Katiba ya Zanzibar ya 1984 vitamezwa na vya Katiba ya Muungano ya 1977. Hizi ni katiba mbili, na anayetafuta moja hapaswi kupewa rundo la zote. Ongeza uga 651 wa maktaba yenyewe, wenye Zanzibar kwenye $a, au kama Koha yako inatumia injini ya utafutaji ya Elasticsearch, badilisha ramani ya uga huo ili kichujio kisome na $z.

Udhaifu mkubwa zaidi ni kupotea kwa uhusiano. Chukua kitabu chenye sura kuhusu kura ya maoni Kenya na nyingine kuhusu Uganda kuondoa ukomo wa vipindi vya urais mwaka 2005. LCSH inasema "Referendum—Kenya" na "Presidents—Term of office—Uganda". FAST inatoa mada mbili na nchi mbili, bila kusema ipi ni ya ipi. Anayetafuta kura ya maoni Uganda atakipata kitabu kisichomhusu. Kwa sababu hiyo usifute vichwa vya LCSH kwenye rekodi. Viache viendelee kutafutika, ufiche seti moja kwenye ukurasa wa msomaji ili mada zisijirudie.

Vipindi navyo viangaliwe. "20th century" hugeuzwa kuwa 1900-1999 kwenye uga 648, wa vipindi. Ni sahihi kihesabu, ila haimsaidii anayetaka mabadiliko ya katiba ya 1992. Ukiweza, andika miaka halisi mwenyewe. Kichwa cha katiba yenyewe pia hugeuka: badala ya nchi kutangulia, jina la andiko huja kwanza na nchi huingia ndani ya mabano, kwenye uga 630, wa majina ya maandiko. Waeleze wahudumu wa dawati la marejeo kabla hawajaulizwa.

Sasa msamiati. FAST haikuondolei swali la zamani: "Constitutional law", "Constitutional history" au "Constitutions"? Hapa andika kanuni ya ndani, nusu ukurasa, na ifuatwe na wote. Yetu ni hii. Matini ya katiba yenyewe ipewe uga 655 "Constitutions" wenye $2 lcgft, orodha ya Library of Congress ya aina za maandiko, kwa sababu hapo neno linataja aina ya andiko. Uchambuzi wa vifungu na hukumu ni "Constitutional law". Namna katiba ilivyopatikana ni "Constitutional history". Bunge Maalumu la Katiba la 2014 Dodoma ni "Constitutional conventions". Kesi ya BBI, kuhusu mpango wa kurekebisha katiba, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Kenya Machi 2022 ni "Constitutional amendments", hata kama mwandishi ameiita historia.

Kwa ugeuzaji, kibadilishi cha mtandaoni kinafaa kichwa kimoja kimoja. Kwa mafungu tumia MarcEdit, programu ya kuhariri rekodi za MARC, ambayo pia ni bure na ina zana ya kuzalisha vichwa vya FAST. Anza na rekodi 50 zenye alama za rafu KSK na KTT, yaani sheria za Kenya na Tanzania katika uainishaji wa Library of Congress. Kinachokwamisha mara nyingi ni data chafu: nchi iliyoandikwa $x, kigawanyo cha mada, badala ya $z, kichwa kilichobuniwa na maktaba lakini kikapewa kiashiria 0, ambacho ni cha LCSH, au tahajia iliyopitwa. Safisha hivyo kwanza. Unaporudisha rekodi Koha, linganisha kwa namba ya rekodi, chagua kubadilisha rekodi iliyopo, na kwenye nakala chagua kupuuza. Ukikosea hapo utapata rekodi pacha, au nakala zilizoongezeka rafuni bila vitabu.

Mwisho, FAST ni ya Kiingereza. Msomaji anayeandika "sheria ya katiba" hatapata kitu kama neno hilo halimo kwenye jina la kitabu. Dawa ipo: kwenye rekodi mamlaka ya "Constitutional law", yaani rekodi inayoweka kichwa rasmi na majina yake mengine, ongeza uga 450, wa jina mbadala, wenye "Sheria ya katiba", unganisha rekodi za vitabu na mamlaka kwa skripti ya link_bibs_to_authorities.pl, washa mpangilio wa IncludeSeeFromInSearches katika Koha ili majina mbadala yatafutike, kisha jenga upya faharasa yote. Bila hatua hiyo ya faharasa, utafutaji hautabadilika hata chembe. Vichwa thelathini hivi vya Kiswahili vinatosha kuanzia kwa rafu ya katiba: haki za binadamu, kura ya maoni, mgawanyo wa madaraka, ugatuzi, muungano.