Programu ya kuandikia hati katika ofisi ndogo: ipi ianze, ipi isubiri

Ofisi ndogo inayotafuta programu ya kuandikia barua, mikataba na ankara huanza kwa kuuliza bei, na ina haki ya kuuliza. Hata hivyo, gharama halisi hujulikana pale faili inapotoka ofisini, ikafunguliwa na mtu mwingine kwenye programu nyingine, kisha ikarudi. Kwa sababu hiyo nimezipanga programu zifuatazo kwa kuangalia mambo mawili: ofisi italipa nini kwa muda wa miaka mitano, na hati itakuwa katika hali gani ikifika kwa mteja.

Jambo hili la pili nililijua nikiwa nashughulikia maandishi ya ofisi yenye watu watano. Mkataba wa kurasa sita uliletwa na mteja, tukaufungua kwa programu tofauti na yake, tukarekebisha mistari miwili tu na kuurudisha. Kwake ulifunguka ukiwa na kurasa saba, na ule wa saba haukuwa na kitu ila mistari miwili ya kutia sahihi. Programu zote mbili zilikuwa nzima. Fonti, yaani muundo wa herufi, ya mkataba haikuwemo katika kompyuta yetu, ikawekwa nyingine yenye herufi pana kidogo, na upana huo mdogo, ukijumlishwa mstari kwa mstari, ulisukuma kila aya chini mpaka mwisho wa hati. Tulikesha kuupanga upya.

Nafasi ya kwanza naipa LibreOffice. Ilizaliwa mwaka 2010, wakati kundi la watengenezaji lilipojitenga na mradi wa programu za ofisi uitwao OpenOffice.org na kuunda The Document Foundation, taasisi yenye makao Berlin. Ni ya bure kwa matumizi ya biashara pia, bila kuhesabu kompyuta wala watumiaji, na hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Ndani yake mna Writer ya kuandikia, Calc ya mahesabu, Impress ya kuandalia maonyesho na nyinginezo, na tatu hizo hutoa PDF moja kwa moja bila kuhitaji programu ya ziada. Huja pia na fonti zilizotengenezwa makusudi kulingana kwa upana na zile zilizozoeleka: Carlito husimama mahali pa Calibri, Caladea mahali pa Cambria, na Liberation Serif mahali pa Times New Roman. Hati iliyoandikwa kwa fonti hizo kwa kawaida haihami mistari yake. Iliyoandikwa kwa Aptos, ambayo matoleo mapya ya Word yameifanya fonti ya kuanzia badala ya Calibri, inahitaji kukaguliwa kabla haijarudishwa kwa mwenyewe.

Kuna namna ya kuitumia LibreOffice ambayo ofisi nyingi hazielezwi. Fomati yake ya asili ni ODF, yenye faili za .odt, iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa na ISO, shirika la kimataifa la viwango, mwaka 2006. Fomati ya Microsoft, ambayo ndiyo yenye faili za .docx, ilipitishwa mwaka 2008. Kila mara hati inapogeuzwa kutoka fomati moja kwenda nyingine kuna kitu kidogo kinachoweza kupotea, hasa katika majedwali yaliyo ndani ya majedwali, picha zilizozungukwa na maandishi, na namba za vifungu. Kwa hiyo hati za ndani ziandikwe na kuhifadhiwa kwa .odt tangu mwanzo hadi mwisho, zinazotoka nje bila kuhitaji kuhaririwa zitumwe kwa PDF, na .docx iachiwe zile tu ambazo mtu wa nje atazirekebisha. Udhaifu mkubwa uko kwenye makro, yaani amri zilizoandikwa ndani ya faili ili zifanye kazi zenyewe: lahajedwali lililojengwa kwa makro za Excel linaweza kufunguka vizuri huku vitufe vyake havifanyi kazi. Aidha, watu wawili hawawezi kuandika kwa pamoja katika waraka mmoja wa Writer kwenye kompyuta zao, kila mmoja akiona ya mwenzake papo hapo, kama wafanyavyo kwenye huduma za mtandaoni.

Ya pili ni ONLYOFFICE, kwa maana ya programu yake ya kusakinishwa kwenye kompyuta. Nayo ni ya bure, na tofauti yake kubwa ni kwamba imejengwa juu ya fomati ya .docx yenyewe, kwa hiyo ofisi ambayo karibu kila hati yake inatoka kwa watumiaji wa Word na kurudi kwao itapata usumbufu mdogo zaidi hapa kuliko kwenye LibreOffice. Mpangilio wa menyu zake unafanana na ule ambao makarani wengi wameuzoea, jambo linalopunguza siku za kujifunza. Makro zake huandikwa kwa lugha ya programu iitwayo JavaScript, kwa hiyo zile za Excel hazitatumika hapa pia. Kwa ofisi ya namna hiyo ningeiweka ya kwanza bila kusita.

Google Docs inakuja ya tatu, na ni ya kwanza kwa jambo moja: watu kadhaa kuandika pamoja kwa wakati mmoja, huku historia ya matoleo ikihifadhiwa, kiasi kwamba aya iliyofutwa asubuhi inaweza kurudishwa jioni. Akaunti ya bure ina nafasi ya GB 15, nayo hugawanywa kati ya hati, barua pepe na picha. Kuandika bila intaneti kunawezekana, lakini lazima kuwe kumewashwa mapema kwenye kivinjari cha Chrome au Edge. Tahadhari niliyo nayo inahusu umiliki. Hati iliyoundwa kwa akaunti binafsi ya mfanyakazi ni ya akaunti hiyo, na siku akiondoka, ofisi inabaki ikimwomba faili zake yenyewe. Anayechagua njia hii alipie Google Workspace, ambayo msimamizi wa ofisi huzitawala akaunti, au angalau afungue akaunti moja ya ofisi ambayo nywila yake iko mikononi mwa mwenye ofisi.

Microsoft Office naiweka ya nne kwa sababu ya gharama tu, kwani kwa ubora wa kushughulikia .docx hakuna inayoipita. Anayefanya kazi na wanasheria au wakaguzi wa hesabu, wanaorudishiana hati ileile mara kumi huku mabadiliko ya kila mmoja yakifuatiliwa kwa rangi, aichukue. Kabla ya kulipa, chukua bei ya mwezi ya Microsoft 365, zidisha kwa idadi ya watumiaji, kisha zidisha kwa 60, ambayo ndiyo miezi ya miaka mitano, na ulinganishe na Office 2024 inayolipiwa mara moja. Hii ya pili huwekwa kwenye kompyuta moja na itapata marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2029, wala haikupi haki ya toleo litakalofuata. Angalia pia mambo mawili ambayo wanunuzi hukosea: mpango wa familia si wa biashara, na mpango wa chini wa biashara, Business Basic, hutoa programu za kwenye kivinjari na simu bila zile za kusakinishwa. Ofisi ya watu watano haina lazima ya leseni tano. Mmoja anayepokea hati ngumu anaweza kupewa Office, na wanne wengine wakaendelea na LibreOffice bila kazi kukwama.

FreeOffice ya SoftMaker, kampuni ya Ujerumani, ni nyepesi na inaruhusiwa kwa biashara bila malipo. Inafaa kompyuta za zamani. WPS Office nayo ni nyepesi, ila katika toleo lake la bure baadhi ya kazi zimefungwa mpaka ulipie. Apache OpenOffice nashauri iachwe, ingawa jina lake bado linajulikana sana, kwa kuwa inaweza kufungua .docx lakini haiwezi kuhifadhi kwa fomati hiyo. Namba za leseni zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa ziachwe kabisa, maana nyingi hutoka kwenye leseni za taasisi na zinaweza kuzimwa wakati wowote.

Kabla ya kuamua, chagua faili tatu za ofisini kwako: mkataba mrefu wenye mabadiliko yaliyofuatiliwa, ankara yenye fomula, na barua yenye nembo juu yake. Zifungue kwa programu unayoifikiria, badilisha mstari mmoja katika kila moja, hifadhi, kisha zirudishe kwenye kompyuta yenye programu ya awali na uzichape. Weka karatasi mpya juu ya ile ya zamani, uziinue pamoja dirishani, na uanze kukagua na ukurasa wa sahihi.